Kuufuata msindano: safari ya Mafinga, Njombe na Makete

Safari hii ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania niliifanya mwezi Julai, na nimeiandika baada ya kurudi nyumbani, kutokana na daftari langu na picha nilizopiga kwa simu. Kazi yangu ni useremala, na karibu kila wiki husikia mteja au fundi mwenzangu akiilaumu mbao ya msindano, yaani paini: kenchi ya paa imepinda, fremu ya mlango imeachia, papi za kushikia mabati zimepasuka pale misumari ilipopita. Nilitaka kuuona mti wenyewe ukiwa mche kwenye kiriba, ukiwa shambani, ukiwa gogo na ukiwa mbao, ili nijue ni hatua ipi hasa inayoamua kama mbao itakuwa nzuri au mbaya. Bei nilizotaja ni zile nilizolipa mimi, na atakayekwenda baadaye azitumie kama makadirio tu.

Jumatatu: Dar es Salaam hadi Mafinga

Basi liliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili alfajiri, kwa nauli ya shilingi 39,000. Kuhusu Morogoro na Mikumi sina la kueleza ambalo wasafiri wengine hawajaeleza. Ruaha Mbuyuni tulisimama kwa chakula, nikala wali na maharage kwa shilingi 3,000, huku wenzangu wakinunua vitunguu vya kupeleka nyumbani.

Mlima Kitonga ndio uliotuchelewesha. Lori lililokuwa likishuka na shehena ya mbao lilikatika ekseli kwenye kona, magari yakasimama pande zote mbili kwa zaidi ya saa mbili. Mama mmoja aliyeketi kiti cha nyuma yangu, aliyekuwa akirudi Ilula kutoka kumuuguza binti yake, alifungua kapu lake akawagawia viazi vya kuchemsha watu wa viti vyote vilivyomzunguka, na alikataa kabisa kupokea fedha.

Niliutumia muda huo kulitazama lile lori. Zilikuwa mbao za inchi mbili kwa nne, za futi 12, zimebanwa pamoja bila nafasi ya kupitisha hewa. Vichwa vya mbao vilikuwa na unyevu wa kushikika kwa kidole, na nyingi zilikwishaanza kupata michirizi ya rangi ya buluu. Rangi hiyo huletwa na kuvu wanaokula sukari na wanga uliobaki katika sehemu ya nje ya gogo, nao huanza kazi siku chache tu baada ya mti kukatwa ikiwa hali ya hewa ni ya joto na mbao haijakauka. Nguvu ya mbao haipungui sana kwa ajili yao, lakini mbao yenye buluu humweleza mnunuzi jambo moja la hakika: ilikaa mbichi na kubanwa. Mbao zile zilikuwa zikiteremka kuelekea joto la pwani zikiwa katika hali hiyo, na bila shaka zilipigiliwa kwenye paa la mtu kabla mwezi haujaisha.

Tulifika Mafinga usiku. Nilipata chumba kwa shilingi 25,000, na dada wa mapokezi, alipoona nimevaa shati jepesi, aliniletea blanketi la pili na ndoo ya maji ya moto kabla sijaomba.

Kwa msafiri: kuanzia Juni hadi Agosti nyanda hizi huwa na baridi kali ya usiku na asubuhi, kwa kuwa ziko juu sana kutoka usawa wa bahari. Chukua koti zito na soksi. Ukisafiri nje ya miezi hiyo utakuta joto kidogo, lakini kuanzia Novemba au Desemba mvua huzifanya barabara za mashambani kuwa ngumu kupita.

Jumanne: Shamba la Miti Sao Hill

Sao Hill ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa yanayomilikiwa na Serikali nchini. Eneo lake lote ni hekta zaidi ya 135,000, ambazo sehemu yake ni misitu ya asili inayolinda vyanzo vya maji ya mito kama Ruaha Mdogo. Upandaji wa majaribio ulianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata kuanzia miaka ya 1960. Leo linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, nawe huruhusiwi kuingia na kuzunguka unavyotaka. Nilifika ofisini asubuhi nikiwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wangu, nikaeleza shabaha yangu, nikapewa kibali pamoja na kijana wa shamba wa kuniongoza. Bodaboda ya kutwa nzima ilinigharimu shilingi 30,000.

Tulianzia kitaluni. Miche ya misindano ilikuwa kwenye viriba, imepangwa kwenye matuta marefu, na mama mmoja aliyekuwa akijaza udongo alinionyesha kitu ambacho picha ya simu haikuweza kukinasa vizuri. Alipasua kiriba cha mche ulioharibika, akaisambaza mizizi kwenye kiganja chake, na kati ya mizizi ile kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba sana, zimezishika ncha za mizizi zikazifanya ziwe butu na zenye matawi mafupi mafupi. Hizo ni kuvu wanaoishi pamoja na msindano: mti huwapa sukari, nao huutafutia fosforasi na maji katika udongo. Msindano ni mgeni katika ardhi hii, na kuvu wake hawakuwepo hapa, ndiyo maana udongo wa kitalu huchanganywa na udongo uliochotwa chini ya misindano mikubwa. Miche ikikosa kuvu hao hudumaa na kuwa ya manjano, hata ikimwagiliwa maji kila siku. Yule mama alisema wakulima wengi wanaoanzisha vitalu vyao nyumbani hununua mbegu nzuri kisha wakalisahau jambo hilo.

Mashambani, sehemu kubwa ya miti ni Pinus patula, ambayo asili yake ni milima ya Mexico. Huitambua kwa sindano zake, yaani majani membamba, ndefu zinazoning'inia, ambazo kwa kawaida hutoka tatu tatu kwenye ala moja. Ipo pia Pinus elliottii, ambayo sindano zake ni ngumu zaidi na hutoka mbili mbili au tatu tatu. Nilimuuliza kijana yule kwa nini haionekani Pinus radiata, mti unaopandwa kwa wingi mno New Zealand na Chile. Sababu ni ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu wa Dothistroma, ambao uligunduliwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaenea Afrika Mashariki, hata upandaji wa radiata ukaachwa. Patula iliuhimili, na ndiyo sababu tunayo patula kwenye mapaa yetu.

Katika kipande cha miti michanga, vibarua walikuwa wakipogolea. Kwa msumeno wenye mpini mrefu hukata matawi ya chini karibu kabisa na shina bila kulijeruhi gome. Niliikaribia kazi hiyo kwa hamu, kwa sababu kifundo ninachokutana nacho ninapopiga randa ni tawi ambalo mtu hakulikata wakati wake. Tawi likiondolewa mapema, shina huendelea kunenepa juu ya kovu, na mbao inayotoka nje ya kiini inakuwa safi. Likiachwa hadi likauke lenyewe, shina hulimeza likiwa limekufa, na baadaye kifundo hicho hulegea na kudondoka, kikiacha tundu katikati ya mbao. Sambamba na kupogolea kuna kupunguzia. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba miti 1,111, na baadaye iliyopinda na iliyodhoofika hukatwa ili inayobaki ipate mwanga na kunenepa.

Kabla ya kurudi tulipita kwenye miti mikubwa inayogemwa utomvu. Gome limekwanguliwa, michirizo ya umbo la V imechanjwa mmoja juu ya mwingine, na mfuko wa plastiki umefungwa chini yake, nusu umejaa kitu kizito cheupe chenye harufu kali. Utomvu huo ukichemshwa na mvuke wake kukusanywa hutoa tapentaini, na kinachobaki ni masalia magumu yanayotumika kutengenezea rangi, wino na gundi za viwandani. Mti huutoa kwa ajili ya kuziba jeraha na kuzuia wadudu.

Kwa msafiri: usivute sigara shambani wala usiwashe moto wa kuchemshia chai. Kipindi cha ukame, hasa kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, zulia la sindano kavu huwaka kwa kasi, na zile njia pana zilizolimwa kati ya vipande vya miti, ambazo wageni hudhani ni barabara zilizoachwa, ni za kuzuia moto usivuke.

Jumatano: viwanda vya Mafinga

Siku hii ndiyo niliyoisafiria. Mafinga unaamka kwa sauti ya misumeno, na pembezoni mwa mji kuna milundo ya mabanzi na unga wa mbao kila upande. Nilikuwa nimeelekezwa kwa mzee mmoja mwenye mashine mbili katika eneo moja, nikamkuta akinywa chai na wafanyakazi wake. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha kwa chapati, na baada ya kusikia nimetoka Dar es Salaam kwa ajili ya kuangalia mbao tu, alisimamisha kazi kwa muda ili anieleze.

Mashine ya kwanza ni dingidongi, ile yenye msumeno wa mviringo ambayo huhamishwa hadi msituni. Ni rahisi kununua na rahisi kutengeneza, lakini sahani yake ni nene. Nilipima upana wa njia ya msumeno kwenye mbao iliyotoka muda huo nikapata milimita 7. Mashine ya pili ni ya msumeno wa mkanda, na njia yake ilikuwa milimita 2 na kidogo. Katika gogo linalotoa mbao nane, tofauti hiyo inakaribia mbao nzima ya inchi mbili iliyogeuzwa unga. Jambo jingine, msumeno wa mviringo usiponyooshwa vizuri hutoa mbao yenye unene wa inchi mbili upande mmoja na inchi moja na robo tatu upande mwingine, na fundi wa paa ndiye anayelipia tofauti hiyo kwa jasho lake.

Kisha mzee akaniita kwenye lundo la magogo akaniwekea vipande viwili mbele yangu. Kimoja kilitoka katika mti wa miaka tisa wa mkulima, na kingine katika mti wa shamba la Serikali uliozidi miaka ishirini. Alivifuta vichwa kwa maji ili pete za ukuaji wa kila mwaka zionekane. Katika kile cha kwanza pete zilikuwa pana kama kidole, laini, za rangi moja, na kiini kilikuwa kimekwenda kando. Katika cha pili, pete za karibu na kiini zilikuwa pana vilevile, lakini kuelekea nje zilibanana, na kila moja ilikuwa na mstari mweusi mgumu wa mbao ya mwisho wa msimu. Alichoma ukucha sehemu ya katikati, ukazama. Alichoma karibu na gome, haukuzama.

Hapo ndipo lilipo jibu la maswali yangu. Mbao ya msindano imejengwa karibu yote kwa trakeidi, yaani seli ndefu nyembamba zinazopitisha maji na kuubeba mti kwa wakati mmoja. Katika miaka yake ya kwanza, kumi au zaidi, mti hutengeneza seli fupi zenye kuta nyembamba, na nyuzi ndani ya kuta hizo zimelala mshazari. Mbao ya kawaida ikikauka husinyaa kwa upana, na kwa urefu haisinyai kiasi cha kuonekana. Mbao ya utotoni husinyaa pia kwa urefu, na kwa kuwa upande mmoja wa mbao una sehemu kubwa ya utoto kuliko mwingine, mbao inajivuta na kujipinda. Mti wa miaka tisa ni utoto mtupu kutoka kiini hadi gome. Hata ukikaushwa kwa uangalifu wote, hauwezi kutoa kenchi ndefu iliyonyooka.

Suala la pili ni ukavu. Mzee alikuwa na kipima unyevu chenye sindano mbili. Kwenye mbao iliyotoka mashinani kipimo kilivuka kiwango chake cha juu, kwa sababu msindano mbichi unaweza kuwa na maji mengi kuliko uzito wa mbao yenyewe. Kwenye mbao zilizopangwa kivulini kwa zaidi ya miezi miwili, kila tabaka limetenganishwa na vijiti na juu kumewekwa mawe mazito, kilisoma asilimia 17. Maji yaliyo huru ndani ya seli hutoka kwanza bila mbao kubadilika. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta za seli zenyewe huanza kukauka, na hapo ndipo mbao husinyaa. Kwa hiyo mbao inayopigiliwa mbichi hufanya kazi yake yote ya kusinyaa ikiwa juu ya paa, mahali ambapo hakuna mawe ya kuikandamiza.

Nilimuuliza mzee kwa nini hakaushi mbao zake zote. Alisema wanunuzi wa jumla huja na lori lenye gharama ya kila siku, hupakia kilichopo, na tofauti ya shilingi elfu mbili hivi kwa kila mbao huwafanya wakimbilie mbichi. Aliyasema hayo kwa uchungu wa mtu anayeipenda kazi yake, nami naamini kwamba sisi mafundi tunaowashauri wateja tuna uwezo mkubwa wa kulibadilisha hilo kuliko yeye.

Alhamisi: Mafinga hadi Njombe

Gari dogo hadi Makambako, kisha jingine hadi Njombe, jumla shilingi 9,000, na saa nzima ya kusubiri abiria wajae Makambako. Jirani yangu garini alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985. Alinieleza kuwa msindano hupendwa kwa karatasi ya mifuko ya saruji kwa sababu nyuzi zake hufikia milimita 3 hivi, wakati za mkaratusi ni kama milimita 1, na karatasi yenye nyuzi ndefu haichaniki kirahisi. Aliposhuka alimwagiza kondakta ahakikishe ananionyesha nyumba ya wageni iliyo salama, na kondakta alifanya hivyo.

Ijumaa: kijiji cha jirani na Njombe

Nilipanda bodaboda alfajiri, kukiwa na ukungu na jalidi kwenye majani ya bondeni, hadi kwa mkulima ambaye mzee wa Mafinga alikuwa amempigia simu kwa niaba yangu. Tulisalimiana kwa kamwene, salamu ya wenyeji, akanipeleka moja kwa moja shambani. Ana ekari sita za misindano, alizozipanda kwa awamu. Kipande cha zamani zaidi kilikuwa na miaka minane, na mnunuzi alikwishafika kukihesabu.

Baba huyu anajua kila nililojifunza Mafinga. Anajua kwamba akisubiri hadi miaka kumi na minane mti utanenepa na bei ya kila mti itapanda mara nyingi. Ila binti yake ameingia chuo, mwanawe yuko kidato cha tano, na benki haipokei mti uliosimama kwa urahisi kama inavyopokea nyumba. Hofu ya moto pia ni kubwa, kwani jirani yake alipoteza shamba zima kwa alasiri moja. Tena kuna parachichi, ambazo zimewafanya wengi wa Njombe wakate misindano michanga ili wapate nafasi ya kupanda zao linaloleta fedha kila mwaka. Mbao iliyopinda kwenye paa la Dar es Salaam huanzia katika hesabu hizo za nyumbani, kabla ya msumeno wowote kuguswa.

Njia aliyoichagua naiona ni ya busara. Anauza nusu ya kipande kwa kupunguzia, akiondoa miti myembamba kwa ajili ya mirunda na masanduku ya matunda, kazi ambazo mbao changa inaziweza vizuri, na iliyonyooka anaiacha isimame. Amejiunga pia na wakulima wenzake wa kijiji kulima njia za moto kwa pamoja na kujadiliana bei wakiwa kundi. Mkewe alitupikia ugali na njegere, na waliponisindikiza walinifungia viazi vya njiani.

Jumamosi: Makete

Niliongeza siku hii kwa sababu ya podo, mti wa misitu yetu ya asili. Barabara ya Njombe hadi Makete ni ya lami, inapanda na kushuka kati ya mashamba ya misindano na ngano, na nauli ilikuwa shilingi 8,000. Katika mabaki ya msitu wa asili, mwenyeji mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe aliacha kazi yake kwa muda akanionyesha mpodo mkubwa. Huu nao ni wa jamii ya miti isiyo na maua, ndugu wa mbali wa msindano, ingawa majani yake ni mapana na mbegu yake hukaa juu ya kikalio chenye nyama kinacholiwa na ndege. Podo na mtarakwa, ule ambao mbao yake ilisafirishwa nje enzi za ukoloni kutengenezea penseli, ndiyo iliyokuwa mbao yetu ya aina hii kabla ya misindano kuletwa. Hukua polepole mno, na kila hekta ya msindano inayotunzwa vizuri inaipunguzia misitu hii mzigo wa kukatwa.

Jumapili: kurudi

Kutoka Njombe basi la moja kwa moja hadi Dar es Salaam lilinigharimu shilingi 50,000. Nilibeba vipande viwili vifupi vya mbao, kimoja cha mti mchanga na kimoja cha mti uliokomaa, kwa ajili ya kuwaonyesha vijana ninaowafundisha kazi. Mzee wa Mafinga alikuwa amenipa risiti hata kwa hivyo vidogo, nami nilifurahi kuwa nayo, kwa sababu kwenye kizuizi cha mazao ya misitu maofisa walikagua buti la basi. Anayenunua mbao za kujengea ajue kwamba risiti peke yake haitoshi: lazima shehena iwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile inayoitwa TP, na kiasi kilichoandikwa kilingane na kilichopakiwa. Omba pia mwenye kiwanda akutajie umri wa miti, akuwekee kipima unyevu mbele yako, na uangalie vichwa vya mbao kabla hazijafungwa. Ukiona pete pana za rangi moja na kiini katikati ya mbao, zitumie kwa boksi la zege au jukwaa la ujenzi, na za kenchi uzitafute kwingine.